Shahada na Usukani wa Ndege

Neno rubani lilikuwa la bahari kabla ya kuwa la anga. Rubani wa pwani alikipitisha chombo baina ya miamba, na aghalabu hakuulizwa cheti, aliulizwa safari. Leo anayetamani kurusha ndege za abiria hujiuliza iwapo aanze na chuo kikuu. Nchini Marekani swali hili lina uzito wa pekee, kwani jibu lake hupimwa kwa saa.

Sheria ya huko haimdai rubani shahada. Humdai leseni, cheti cha afya na saa za kuruka. Ndege ya Colgan Air ilipoanguka karibu na Buffalo tarehe 12 Februari 2009, watu 50 waliangamia. Mwaka uliofuata Bunge lilipitisha sheria mpya, na tangu 2013 hata rubani msaidizi wa shirika la abiria hana budi kutimiza saa 1,500, ilhali awali saa 250 ziliweza kumtosha. Ajabu ni kwamba marubani wote wawili wa ndege ile walikuwa wamekwisha kuzipita saa 1,500.

Hapo ndipo shahada ilipopata mwanya. Aliyehitimu shahada ya kwanza ya urubani katika chuo kilichoidhinishwa huweza kukubaliwa kwa saa 1,000. Mwenye ile ya miaka miwili, kwa saa 1,250. Aliyesomea uhasibu, historia au (wanaisimu na wastahimili) isimu, hapunguziwi hata saa moja.

Wapo wasioshawishika. Katika mashirika makubwa ya Marekani, tarehe ya kuajiriwa ndiyo huamua nani achague safari na likizo kwanza, nani awe kapteni mapema, na nani aachishwe kazi mambo yakiharibika. Kwa kuwa rubani wa mashirika hayo hustaafu akiwa na miaka 65, miaka minne ya darasani yaweza kuwa minne iliyopunguzwa kwenye mshahara wa juu kabisa. Fauka ya hayo, Delta iliacha kuishurutisha shahada Januari 2022.

Hata hivyo, kifafa au ugonjwa wa moyo waweza kumpokonya rubani cheti cha afya kwa siku moja. Mwaka 2020, Korona iliziegesha ndege duniani kote, na marubani wenye afya tele wakabaki nyumbani. Hapa ndipo penye utata: shahada inayopunguza saa ndiyo iliyofungamana mno na sekta ile ile iliyosimama, na ile ya uhasibu, isiyopunguza chochote, ndiyo iwezayo kumlisha mtu akiwa ardhini.

Kwa sababu hiyo, wapo vijana wanaofundisha urubani mchana huku wakijikusanyia saa, na usiku wakasomea shahada nyingine kwa njia ya mtandao. Hao huzingoja saa zote 1,500.