TUIJUE INJINI (3): Nguvu inayopotea mlimani haimo kwenye mkanda

Katika sehemu mbili zilizopita tulifuata mafuta kutoka tangini hadi ndani ya silinda, tukaona yanavyogeuka kuwa msukumo wa pistoni. Leo tunahamia mbele ya injini, kwenye mkanda ambao wengi huuita feni belti. Huzungusha alteneta, kompresa ya AC, pampu ya stelingi na, katika injini nyingi, pampu ya maji. Kwenye vijiwe vya madereva husikika ushauri kwamba gari likishindwa mlima, vua mkanda wa hivyo "vinyonyaji", nalo litapata nguvu. Je, ni kweli?

Ni kweli kwamba kila kinachozungushwa na mkanda kinakula nguvu ya injini. Swali ni kinakula kiasi gani, na tukikivua tunapoteza nini.

Tuanze na mlima wenyewe. Gari linalotoka Bukoba, ufukweni mwa Ziwa Victoria, huondokea mita zipatazo 1,130 juu ya usawa wa bahari. Likishaiacha Kyaka huanza kupanda, na likifika Kayanga limeshapita mita 1,500. Kadiri unavyopanda, hewa inakuwa nyepesi, na injini isiyo na turbo huvuta hewa kidogo kwa kila pumzi. Kwenye mita 1,500 upungufu huo ni takriban asilimia 14. Toyota Probox ya CC 1500, ambayo kiwandani huandikiwa nguvu farasi 109, hapo imeshapoteza zipatazo 15 kabla hata hujapakia gunia la kahawa.

Sasa tulinganishe na mkanda. Mchana, redio ikiwa imefunguliwa, alteneta huombwa umeme wa ampea 25 hivi kwa volti 14, yaani wati 350. Kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi yake hupotea kama joto, injini hutoa karibu wati 640. Nguvu farasi moja ni wati 746, kwa hiyo hesabu haifiki hata moja. Pampu ya stelingi ya mafuta, gari likienda moja kwa moja, nayo hula kidogo. Huelemewa zaidi unapokata kona kali ukiwa umesimama. Probox yenyewe haina pampu hiyo, kwani stelingi yake husaidiwa na mota ya umeme.

Anayekula sana ni kompresa ya AC, ambayo katika gari dogo huweza kuchukua nguvu farasi tatu hadi tano. Lakini kompresa ina klachi yake. Ukizima AC, klachi huachia na puli hubaki ikizunguka bure. Kwa hiyo faida yote unayoitafuta kwa spana unaipata kwa kidole kimoja.

Upande wa hasara ndio wenye mambo mazito. Kwanza, magari mengi ya sasa yana mkanda mmoja mrefu unaozungusha vyote. Ukiuvua, pampu ya maji nayo inasimama. Kwenye mita 1,500, maji ya kawaida huchemka yakifika nyuzi 95 hivi badala ya 100. Mfuniko wa rejeta hutuongezea nafasi kwa kubana presha, lakini hauwezi kuyazungusha maji. Hapo injini itachemsha, na silinda hedi kupinda ni gharama inayoweza kumeza mapato ya msimu mzima.

Pili, na hili ndilo la hatari zaidi, Toyota nyingi za dizeli, zikiwemo Hiace za injini ya 3L, zina pampu ya vakyumu mgongoni mwa alteneta. Pampu hiyo ndiyo inayousaidia mguu kukanyaga breki. Anayeitoa alteneta kazini ili apande mlima vizuri amejinyima breki za kuushuka. Baada ya kukanyaga mara chache pedali inakuwa ngumu kama jiwe, na mzigo uko nyuma yake.

Tatu, feni ya magari makubwa. Hula nguvu nyingi kwa mwendo kasi, kwa sababu spidi yake ikiongezeka mara mbili, mahitaji yake huongezeka mara nane. Lakini lori lililopakia likipanda polepole halipati upepo wa mwendo, na hapo ndipo feni inapohitajika zaidi. Wenye magari ya mashindano ya masafa mafupi huvua vitu hivi kwa sababu safari yao huisha kwa sekunde chache. Safari ya Kayanga si ya sekunde.

Basi nguvu itafutwe wapi? Itafutwe kwenye mzigo. Kwenye mwinuko wa mita sita kwa kila mita 100, kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, magunia matatu ya kilo 60 hudai zaidi ya nguvu farasi mbili, ambazo ni nyingi kuliko za alteneta ya mchana. Itafutwe kwenye eya klina iliyojaa vumbi la barabara za changarawe, kwenye matairi yaliyopungua upepo, na kwenye breki zinazoshika bila kukanyagwa.

Mkanda wenyewe ukaguliwe, usivuliwe. Injini ikiwa imezimwa, utazame kama una nyufa au umelegea, kisha mwambie fundi azungushe kila puli kwa mkono mkanda ukiwa nje. Inayokwaruza au kugoma ina beringi mbovu, na huyo ndiye mnyonyaji wa kweli: abadilishwe.

Wiki ijayo: turbo inavyorudisha hewa tuliyoipoteza mlimani, na kwa nini haipendi kuzimwa ghafla.