Rahisi ni ghali: namna ya kuchagua mashini ya kuosha vyombo

Kazi ya kuosha vyombo haina sifa. Mpishi husifiwa kwa mboga yake, mwenye nyumba hushukuriwa na wageni wake, lakini yule anayeinama juu ya beseni wote wakiisha kuondoka mezani, nani amkumbuka? Walakini kazi hiyo yarudi asubuhi, mchana na jioni, wala haijui Dominika wala sikukuu. Katika jamaa nyingi imewekwa mabegani mwa mama na binti zake. Mara nyingi saa ile binti anayosugua sufuria ndiyo saa ile kaka yake anayofungua daftari.

Si ajabu basi kwamba mashini ya kuosha vyombo inatamaniwa. Zamani ilikuwa chombo cha hoteli na cha matajiri. Siku hizi yafika pia katika nyumba kadha za miji yetu: pengine imenunuliwa dukani, pengine imeletwa na ndugu wanaokaa Ubelgiji au Ufaransa, nayo imekwisha kutumika huko miaka mingi. Bei yake si ndogo. Fedha hiyo ingeweza kulipa minervali ya watoto. Kwa hiyo anayetaka kuinunua hana budi kuuliza kwanza, si kama yang'aa leo, bali kama itaosha bado mwaka wa kumi.

Mjane wa Shelbyville

Mtu aliyeifanya mashini hii iwe chombo cha kufaa kweli alikuwa mwanamke wa Marekani, jina lake Josephine Cochrane, aliyekaa Shelbyville katika jimbo la Illinois. Kabla yake, mwaka 1850, Joel Houghton alikuwa amepata hati ya uvumbuzi kwa chombo cha mti kilichorushia sahani maji kwa kuzungushwa na mkono, lakini hakikuosha vizuri. Yasimuliwa kwamba Bibi Cochrane alichoka kuona sahani zake za thamani zikimegwa na watumishi. Mwaka 1883 mume wake alifariki, akamwachia madeni. Mjane huyo hakukata tamaa. Alizipima sahani na vikombe vyake, akatengeneza vizimba vya waya vya kuvishika, akaviweka katika gurudumu ndani ya pipa la shaba, na maji ya moto yenye sabuni yakarushwa juu yake kwa nguvu. Fundi mmoja, George Butters, alimsaidia katika ujenzi. Tarehe 28 Desemba 1886 alipewa hati ya uvumbuzi wake.

Mwaka 1893, katika maonyesho makubwa ya Chicago, mashini yake ilipewa tuzo kwa ajili ya ujenzi wake bora, uimara wake, na kufaa kwake kwa kazi iliyokusudiwa. Lakini wanunuzi wake wa kwanza hawakuwa akina mama wa nyumbani. Walikuwa hoteli na mikahawa. Sababu yake ni hii: nyumba nyingi za wakati ule hazikuwa na maji ya moto ya kutosha kuilisha. Mashini ilikuwa nzuri, nyumba haikuwa tayari kuipokea. Bibi Cochrane alifariki mwaka 1913, na mwaka 1926 kiwanda chake kilinunuliwa na kampuni ya Hobart. Ilipita miaka mingi tena hata mashini hizi zikaenea katika nyumba za watu wa kawaida.

Kisa hiki chatufundisha mambo mawili. Uimara ulikuwa sifa ya mashini hii tangu mwanzo. Tena, haitoshi kuchagua mashini. Imepasa kuipima pia nyumba itakayoipokea.

Mambo yanayofanyika ndani

Wengine hudhani kwamba ndani mna burashi zinazosugua. Sivyo. Maji machache huingia chini ya mashini, hupashwa moto, kisha pampu huyasukuma katika mikono miwili au mitatu yenye matundu. Mikono hiyo huzungushwa na nguvu ya maji yenyewe, ikirusha sahani kutoka chini na juu. Maji hurudi chini, hupita katika chujio linaloshika mabaki ya chakula, nayo hurushwa tena. Mwishoni pampu nyingine huyatupa nje, na maji safi huingia kusuuza.

Kwa kuwa maji yaleyale huzunguka mara nyingi, hayahitajiwi mengi. Mashini nzuri ya siku hizi, ikioshwa vyombo kwa mpango wa uchumi, hutumia lita 10 hivi, maana yake nusu ya bidoni ya lita 20. Lakini mpango huo huchukua saa tatu au nne. Watu hulalamika, wakidhani kwamba mashini imeharibika. Kumbe ndiyo hekima yake: badala ya kuchemsha maji sana, huacha sabuni na muda vifanye kazi, na hivyo umeme huokolewa. Hapa pia haraka haraka haina baraka.

Dalili za mashini bora

Kwanza, tutazame tumbo lake. Tumbo la chuma kisichoshika kutu hustahimili moto na sabuni kali kwa muda mrefu kuliko tumbo la plastiki. Tuzivute ndani na nje zile trei za waya: zisiyumbe, wala zisiwe na mahali palipobanduka rangi, kwa maana hapo kutu huanza. Tushike na mpira wa mlango: usiwe mgumu wala usiwe na nyufa.

Pili, tusikilize sauti yake. Debe tupu haliachi kuvuma, na mashini iliyojengwa kwa bati jembamba nayo huvuma. Katika nyumba zetu jikoni ni karibu na sebule, na sebuleni ndipo watoto wanapojifunza masomo na jamaa inaposali Rozari. Utulivu basi si anasa. Tangu tarehe 1 Machi 2021, mashini mpya zinazouzwa katika nchi za Umoja wa Ulaya huwa na kibandiko kinachoonyesha sauti kwa desibeli na kwa herufi. Chini ya desibeli 39 ni A. Kutoka 39 hata kabla ya 45 ni B. Kutoka 45 hata kabla ya 51 ni C. 51 na zaidi ni D. Tukumbuke kwamba zikiongezeka desibeli 10, sikio huona kama sauti imekuwa maradufu. Hivyo tofauti ya 42 na 52 si ndogo, ingawa tarakimu zafanana. Kwa nyumba ya kawaida, mashini isiyofika desibeli 45 yafaa. Mota za namna mpya, zisizo na vipande vya makaa vya kusuguana ndani, huzunguka kwa utulivu na kuchakaa polepole. Tena miguu ya mashini isawazishwe sakafuni, kwani hata mashini bora ikisimama upande itatetemeka.

Tatu, tuulize habari za vipuri. Hakuna mashini isiyoharibika kamwe. Iliyo bora ni ile inayoweza kutengenezwa. Sheria ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika mwaka 2021 huwalazimisha watengenezaji kutoa vipuri vikubwa, kama mota na pampu, kwa muda wa miaka 7 hata baada ya kuacha kuuza mashini ya aina ile. Na vile vidogo, kama mpira wa mlango, mikono ya kurushia maji na chujio, kwa miaka 10. Lakini sheria ya Ulaya haimleti fundi Bukavu wala Kolwezi. Kabla ya kulipa, tumtafute fundi wa mahali petu na kumwuliza mashini gani amezoea kuifungua. Jibu lake lina thamani kuliko maneno ya mwuzaji.

Nne, kama mashini imekwisha kutumika, tusiipokee kwa kuitazama tu. Iwashwe mbele yetu, ioshe tangu mwanzo hata mwisho. Kukiwa na mlio wa kukwaruza, huenda pampu imechakaa au imemeza kipande cha kioo. Tuinamishe macho chini yake: je, pana maji yanayovuja? Tusome na kibati chake. Umeme wa Kongo ni wa volti 220 na hezi 50, karibu sawa na ule wa Ubelgiji. Mashini iliyotengenezwa kwa ajili ya Marekani hudai volti 120 na hezi 60. Ikiletwa kwetu ni mzigo, si msaada.

Je, nyumba yetu iko tayari?

Sasa tufike kwenye jambo linalowaponyesha wengi fedha zao. Mashini hii hula vitu vitatu: maji, umeme, na chumvi pamoja na sabuni yake.

Maji yaje kwa nguvu. Watengenezaji wengi hudai msukumo wa maji yanayoshuka kutoka tangi lililoinuliwa meta 5 hivi juu ya mashini. Tangi lililowekwa juu ya meza halitoshi. Nyumba ambayo maji yake huchotwa mtoni au kisimani, kisha kubebwa kichwani, haiwezi kuilisha bila tangi la juu na pampu.

Umeme nao uwe wa kutegemewa. Chombo cha kupasha maji moto hudai wati 2,000 hivi, na jenereta ndogo au vibao vichache vya jua haviwezi. Umeme ukikatika katikati ya kazi, maji machafu hubaki tumboni pamoja na sahani. Ukirudi kwa nguvu iliyozidi, waweza kuunguza kibao cha elektroniki, ambacho ni kipuri cha bei kubwa. Mwenye mashini anunue pia chombo cha kusawazisha umeme. Zaidi ya yote, ule waya wa kupeleka umeme ardhini usikosekane, kwa maana maji na umeme vikikutana vyaweza kuua mtu.

Habari za chumvi huonekana ngeni. Mahali penye mawe ya chokaa, maji huweza kuchukua chokaa ndani yake. Birika lenye ukoko mweupe chini ndilo shahidi. Chokaa hiyo hushika katika chombo cha kupashia moto na kuziba matundu. Ndiyo maana mashini za Ulaya zina mahali pa kutia chumvi maalum, yenye chembe kubwa, inayosaidia kulainisha maji. Chumvi ya jikoni haifai, wala sabuni ya kuoshea kwa mkono haifai: povu lake hujaa na kusimamisha kazi. Asiyejua atapata wapi chumvi na sabuni hizo kila mwezi asinunue mashini.

Tena tuvitazame vyombo vyetu wenyewe. Sufuria za aluminiamu, ambazo ndizo nyingi kwetu, hugeuka nyeusi ndani ya mashini. Mwiko wa mti hupasuka. Chungu cha udongo hunywa sabuni. Sufuria kubwa ya bukari haiingii, na ukoko wake hautoki pasipo kulowekwa. Kwa hiyo hata mwenye mashini bora hataweza kulitupa beseni.

Neno moja kwa masista na kwa wakubwa wa shule za bweni. Mashini ya nyumbani haikujengwa kwa sahani mia mbili. Ikitumiwa hivyo itachakaa upesi. Kwa kazi hiyo ziko mashini za hoteli, ambazo huosha kwa dakika chache na kusuuza kwa maji ya nyuzi 80 na zaidi. Bei yake ni kubwa zaidi, lakini rahisi ni ghali.

Mikono ya wote

Nyumba nyingi za wasomaji wetu, zikijipima kwa maneno haya, zitaona kwamba saa ya mashini bado. Si aibu. Afadhali beseni mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia, kuliko kabati la chuma lililokufa jikoni, ambalo lilikula minervali ya mwaka mzima. Papa Fransisko, katika barua yake ya mwaka 2015 iitwayo Laudato si', alikemea desturi ya kununua na kutupa. Kitu kinachodumu huheshimu fedha ya baba, jasho la mama na dunia aliyoiumba Mungu.

Lakini kukosa mashini kusiwe sababu ya kumwachia binti mmoja kazi yote. Mtakatifu Benedikto, katika Kanuni aliyowaandikia watawa wake katika karne ya 6, aliagiza kwamba ndugu watumikiane jikoni kwa zamu, juma kwa juma, na anayemaliza zamu yake arudishe vyombo vikiwa safi na vizima. Alitaka pia vyombo vya nyumba vitunzwe kana kwamba ni vyombo vya altare. Watawa hao walikuwa wanaume. Basi mvulana wa shule asiseme kwamba kuosha sahani kunamshusha.

Enyi akina baba, ikiwa mna maji, umeme na fundi, chagueni mashini tulivu na imara, nanyi mtakuwa mmempa mama pumziko. Ikiwa bado, andikeni zamu ukutani, na majina ya wavulana yawemo pamoja na majina ya wasichana. Hilo halidai franka hata moja, nalo laweza kuanza jioni ya leo, ili binti naye afungue daftari lake kabla ya usingizi.