Manowari ya Ziwa Tanganyika Iliyozamishwa na Kufufuka

Mtu wa Butula ashukapo mpaka Port Victoria au Sio Port, akaona chombo kikubwa cha chuma kikipita ziwani, aweza kujiuliza: Je, meli hii iliingia kwa njia gani? Maana hapana mto wa kuileta kutoka baharini. Jibu ni kwamba meli za maziwa yetu zilisafiri nchi kavu kwanza, zikiwa vipande vipande. Ndivyo ilivyoletwa Kisumu meli ndogo iitwayo William Mackinnon, iliyotoka Uskoti. Lakini habari ya ajabu kupita zote ni ya meli ya Ziwa Tanganyika, ambayo Wajerumani waliiita Graf von Götzen, kwa heshima ya gavana wao wa zamani.

Meli hiyo iliundwa mwaka 1913 katika karakana ya Meyer, mji wa Papenburg, Ujerumani. Urefu wake ulikuwa yapata mita 70, na upana wake mita 10. Kwanza mafundi waliiunganisha kwa komeo za kukazwa, ili wahakikishe kwamba kila bamba la chuma lakaa mahali pake. Kisha wakaifungua yote, wakaitia katika masanduku yapatayo 5,000. Masanduku hayo yalipelekwa Dar es Salaam kwa bahari, na kutoka huko yakapakiwa katika treni hata Kigoma, safari ya zaidi ya kilomita 1,200. Reli yenyewe ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914 tu.

Mafundi watatu kutoka Papenburg, wakiongozwa na Anton Rüter, pamoja na vibarua wengi wa Kiafrika, waliyapigilia mabamba yale kwa ribiti za moto. Tarehe 5 Februari 1915 meli iliingia majini. Ndani yake zilikuwamo injini mbili za mvuke. Katika kila injini mvuke ulifanya kazi mara tatu: ulisukuma silinda ndogo, ukapita katika ya pili iliyo kubwa zaidi, kisha katika ya tatu, ndipo ukatoka umechoka. Kwa njia hii moto mmoja ulitoa nguvu nyingi.

Wakati huo Vita Kuu ilikuwa imekwisha anza. Atawalaye ziwa aweza kuvusha askari na chakula apendako, naye adui hana njia. Kwa hiyo meli ilifungwa mzinga uliotolewa katika manowari Königsberg, iliyoangamia katika delta ya Rufiji mwezi wa Julai 1915. Waingereza nao wakaleta motaboti mbili, Mimi na Toutou, kwa kuzikokota katika misitu na milima ya Kongo. Motaboti hizo ziliiteka Kingani tarehe 26 Desemba 1915, na mwezi wa Februari 1916 wakaizamisha Hedwig von Wissmann. Lakini Graf von Götzen hawakuishambulia, kwa kuwa iliwazidi sana kwa ukubwa.

Majeshi ya Wabelgiji yalipokaribia Kigoma, Wajerumani waliona kwamba meli itaangukia mikononi mwa adui. Tarehe 26 Julai 1916 waliizamisha wenyewe. Hata hivyo mafundi hawakuharibu kazi ya mikono yao. Kabla ya kufungulia maji, walizipaka injini grisi nyingi, kama mtu amwekeaye akiba yule atakayekuja baadaye asiyemjua.

Baada ya vita Wabelgiji waliiinua, lakini ikazama tena. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, wakakuta injini zake zafaa kutengenezwa. Mwaka 1927 ilianza safari upya kwa jina la Liemba, ambalo ni jina moja la kale la ziwa hilo. Katika miaka ya 1970 injini za mvuke ziliondolewa, zikawekwa za dizeli.

Tangu hapo haikuwa tena chombo cha vita. Ilipita kati ya Kigoma na Mpulungu, nchi ya Zambia. Vijiji vingi vya pwani havikuwa na gati, basi meli ilisimama mbali, na mitumbwi ikaizunguka kwa makelele, akina mama wakipandishwa pamoja na watoto, samaki na magunia ya mahindi. Mwaka 1997 ilirudisha Kongo wakimbizi zaidi ya 75,000. Mwezi wa Mei 2015, ikiwa imetimiza miaka 100, iliwachukua Warundi waliokuwa wamekwama ufukweni Kagunga, ikawafikisha Kigoma. Meli iliyowahi kutumika kupeleka vita ikawa njia ya kuwatoa watu katika vita.

Wasomaji, tusiseme kwamba chuma chake kilikuwa cha ajabu. Chuma chote huota kutu. Huko Busia wajua wenye baiskeli kwamba mnyororo usiotiwa mafuta hukatika mlimani, na abiria yu nyuma. Graf von Götzen ilikaa chini ya maji miaka mingi, na kilichoiokoa ni grisi na saa chache za kazi ya mafundi waliokuwa wameshindwa vita. Kitunze chombo chako, hata siku ile unapolazimika kukiacha. Huenda wajukuu wa adui yako ndio watakaovushwa nacho.