Ubao Wenye Bawa Chini ya Maji

Ubao wa haidrofoili wenye mota ni chombo cha mtu mmoja ambacho kikishika kasi huyaacha maji na kwenda hewani, kikibebwa na bawa lililobaki chini ya uso wa bahari. Anayetazama kutoka ufukweni humwona mtu amesimama wima, nusu mita juu ya maji, akiteleza bila tanga, bila kasia na karibu bila sauti. Viwimbi hupita chini ya miguu yake wala hatikisiki.

Sehemu zake si nyingi. Chini ya ubao hushuka mlingoti wa alumini au kaboni, wenye urefu wa sentimita 60 hadi 80 hivi. Jina hilo lingemchekesha nahodha wa jahazi, maana mlingoti huu umeelekea chini na haubebi tanga lolote. Kwenye ncha yake kuna fimbo fupi mfano wa kiwiliwili cha ndege, yenye bawa kubwa mbele na dogo nyuma. Juu kidogo ya mabawa hukaa mota ya umeme na rafadha yake. Betri ya lithiamu hufungiwa ndani ya ubao, na yenyewe peke yake inaweza kupita kilo 10. Mpandaji hushika rimoti isiyo na waya, yenye kifyatulio cha kuongeza na kupunguza nguvu.

Bawa hufanya kazi ileile ya bawa la ndege: huyasukuma maji kwenda chini, nalo husukumwa juu. Kwa kuwa maji yana uzito wa takriban mara 800 ya hewa ya ujazo uleule, bawa dogo la kubebeka kwapani linatosha kumwinua mtu mzima. Ila msukumo huo hukua kwa mraba wa kasi. Kasi ikiongezeka maradufu, msukumo huwa mara nne, na hesabu hiyo ndiyo inayowamwaga majini wengi wanaoanza.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1906 mhandisi wa Italia, Enrico Forlanini, aliijaribu boti ya namna hii katika Ziwa Maggiore, ikakaribia kilomita 70 kwa saa. Alexander Graham Bell, yule wa simu, aliwahi kuipanda boti ya Forlanini, na mwaka 1919 boti HD-4 aliyoiunda pamoja na Casey Baldwin ilikimbia kilomita 114 kwa saa nchini Kanada. Boti hizo zilikuwa na mabawa yaliyopangwa kama vipandio vya ngazi. Zilipoinuka, vipandio vya juu vilitoka majini, msukumo ukapungua, na boti ikajituliza yenyewe. Mbao za leo zenye mota, ambazo kampuni kama Lift ya Puerto Rico na Fliteboard ya Australia zilianza kuziuza mwishoni mwa miaka ya 2010, hazina ngazi hiyo. Bawa limezama lote, na halina namna ya kujua uso wa maji uko wapi. Kazi iliyofanywa na vipandio sasa ni ya mpandaji, na karibu kila kitu anachofundishwa mwanafunzi kinarudi hapo.

Somo huanza kwa kuchagua maji. Yanatakiwa maji matulivu, mapana, yasiyo na waogeleaji, wala mitego, wala kamba za nanga. Kina ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani: mlingoti na mabawa huchukua karibu mita nzima, na anayeanguka huhitaji nafasi zaidi, hivyo mita mbili ni kiasi cha kuridhisha. Kwenye pwani kama ya Paje na Jambiani, Unguja, panapojulikana kwa michezo ya kaiti, hesabu hii hugeuka mara kadhaa kwa siku. Wakati wa bamvua maji hupwa hadi karibu na mwamba, yakiacha mchanga mtupu na vijiti vya mashamba ya mwani. Bawa likigonga mchanga kwa kasi, ubao husimama ghafla na mpandaji huendelea na safari peke yake.

Mwanafunzi huvaa helmeti na jaketi la kuelea, akajifunga kifundoni au kiunoni kamba ya usalama inayozima mota mara anapotengana na ubao, kama chombo chake kinayo. Ubao wa kuanzia huwa mkubwa na mnene, na bawa lake huwa pana ili liinuke kwa mwendo mdogo. Husukumwa hadi maji yafike kifuani, kisha mwanafunzi hulala juu yake kifudifudi na kubana kifyatulio taratibu. Hapo hujifunza kukata kona na kusimama. Akishazoea hupiga magoti, na mwisho husimama, lakini ubao ungali unaelea majini. Hatua hii inachosha, nayo ndiyo inayorukwa na wenye haraka.

Kusimama kwenyewe kuna utaratibu. Mguu mmoja huwekwa mbele karibu na katikati ya ubao, mwingine nyuma karibu na pale mlingoti ulipofungwa, magoti yamelegezwa, macho yakiangalia upeo wa bahari. Anayetazama vidole vyake huanguka kuelekea vidole vyake.

Kwenye kilomita 15 hadi 20 kwa saa, kelele ya maji yanayopiga ubao hukatika ghafla. Ubao umeinuka. Mwili hushtuka na kufanya mambo mawili, yote mabaya: huegemea nyuma, na kidole hubana kifyatulio zaidi. Uzito ukienda nyuma, omo ya ubao hunyanyuka na bawa huelekea juu. Nguvu ikiongezwa, kasi huzidisha msukumo; isitoshe, rafadha iko chini sana ya miguu ya mpandaji, kwa hiyo kila inaposukuma kwa nguvu huinua omo zaidi. Sekunde moja baadaye bawa hukaribia uso wa maji, hewa hupenya juu yake, msukumo hupotea wote kwa mpigo, na ubao huporomoka.

Dawa yake ni kinyume cha anavyotaka mwili. Ubao unapoanza kupanda, uzito huhamishiwa mguu wa mbele na kifyatulio hulegezwa kidogo, bila kuachiwa chote, kwa sababu nguvu ikikatwa ghafla omo huinama. Masahihisho yanatakiwa kuwa madogo na ya mapema. Aliyezoea ubao wa mawimbi hana nafuu sana hapa, kwani tabia yake ya kukanyaga nyuma humgharimu. Walimu wengi humtaka mwanafunzi apae sentimita chache tu, ashuke kwa hiari yake, kisha apae tena. Kushuka kwa hiari ndiko kunakoonyesha kwamba ameanza kukitawala chombo. Kukaa juu kwa bahati hakuonyeshi kitu.

Kuanguka pia hufundishwa, tena kabla ya kuruka. Kifyatulio huachiwa kwanza, kisha mtu hujitupa ubavuni, mbali na ubao, akitua bapa badala ya kupiga mbizi kichwa mbele. Hatari kubwa ni kingo za bawa na rafadha, kwa hiyo kujaribu kuokoa mwendo ulioshindikana, au kuukumbatia ubao unaopinduka, ni kosa baya kuliko kuanguka kwenyewe. Anapoibuka, mkono hutangulia kichwa.

Betri iliyojaa hutosha kwa kiasi cha saa moja hadi mbili, ikitegemea uzito wa mpandaji na kasi yake. Baada ya hapo chombo husuuzwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, na betri hukaushwa na kuchajiwa mahali penye hewa, mbali na jua. Mashirika ya ndege hayaruhusu abiria kusafiri na betri ya lithiamu inayozidi wati-saa 160, na ya ubao huu mara nyingi hupita 1,000. Ndiyo sababu anayekwenda kujifunza nje ya nchi yake hukodi chombo hukohuko anakokwenda.