Ilimba ya Hukwe Zawose haikukosea

Wiki mbili zilizopita katika kipindi chetu cha salamu nilipiga wimbo mmoja wa Jim Reeves, yule Mmarekani aliyefariki katika ajali ya ndege mwezi Julai mwaka 1964, na ambaye hadi leo huombwa na wasikilizaji waliozaliwa miaka mingi baada ya kifo chake. Kipindi kilipokwisha akanipigia simu mzee mmoja wa Manyoni. Hakuwa na ugomvi na Jim Reeves. Aliuliza tu: "Mwanangu, huyo ni mwimbaji wa mashambani kwao. Wa mashambani kwetu mnampiga lini?"

Swali hilo ndilo lililonifanya leo nizungumze juu ya marehemu Hukwe Ubi Zawose.

Wapo watakaosema huyo ni wa Dodoma, Singida inamhusu nini? Inamhusu. Wagogo hawaishii kwenye mpaka wa mkoa. Ukipanda treni ya reli ya kati kutoka Dodoma, ukapita Bahi na kuingia wilaya ya Manyoni, bado ngoma unayoisikia ni muheme inayopigwa na akina mama, na bado mzee aliyekaa chini ya mbuyu ana zeze mkononi.

Hukwe alizaliwa karibu na mwaka 1938 kijijini Doduma, mkoani Dodoma, katika familia ya wafugaji, na ala za kwao alijifunza angali mtoto anayechunga ng'ombe. Katika miaka ya 1960 Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam, enzi zile taifa changa lilipokuwa likikusanya wasanii wake wa asili. Baadaye akahamia Bagamoyo, mji ambao Chuo cha Sanaa kilianzishwa mwaka 1981. Huko alifundisha, akajenga, akawakusanya watoto na ndugu zake wakawa kikundi kizima. Mchunga ng'ombe wa Ugogoni akawa mtu wa pwani, lakini muziki wake haukuonja chumvi ya bahari hata kidogo.

Miaka yake miwili ya mwisho ilikuwa ya kazi nyingi. Mwaka 2002, akiwa amekwisha kupita miaka 60, ilitoka santuri yake Mkuki wa Rocho. Mwaka huohuo alikuwa Marekani ya Kaskazini pamoja na Charles Zawose, mtoto wa ndugu yake, katika ziara ya mwanamuziki wa Uingereza Peter Gabriel, wakipiga ilimba na zeze katika kumbi kubwa zilizojaa watu waliokuja kusikiliza magitaa ya umeme. Tarehe 30 Desemba mwaka 2003 Hukwe akafariki dunia Bagamoyo. Mwaka uliofuata Charles naye akafariki. Nyumba ikapoteza nguzo mbili kwa mpigo, mwalimu na yule aliyetarajiwa kushika nafasi yake.

Wakati huo mimi nilikuwa kijana nikisomea stashahada ya uandishi wa habari. Nakumbuka aibu niliyoipata niliposikia kwamba magazeti ya Uingereza yameandika tanzia ndefu juu ya Mtanzania ambaye mimi, mtoto wa Singida, nilikuwa nikilijua jina lake tu.

Aibu ya pili niliipata kazini. Katika kituo changu cha kwanza niliweka santuri ya Hukwe, na fundi mitambo, kijana hodari kabisa, akaizima baada ya nusu dakika. Akasema ilimba imekosea sauti, wasikilizaji watadhani mashine zetu mbovu. Nami nikakubali. Tukaweka dansi.

Ilimba haikuwa imekosea, na hapa naomba uvumilivu wako kidogo, maana jambo hili ndilo kiini cha mazungumzo ya leo. Chukua ule upinde wa muziki ambao Wagogo huuita ndono. Ukiupiga unasikia sauti moja, lakini ndani yake zimo nyingine nyembamba zilizopandana juu yake: ya kwanza yenye mitetemo mara mbili ya ile ya msingi, ya pili mara tatu, kisha mara nne, na kuendelea. Hayo si mambo ya kabila, ni ya maumbile. Kamba yoyote duniani hufanya hivyo. Walichofanya Wagogo ni kuzisikiliza sauti hizo kwa makini na kuzijengea muziki wao, hasa zile za mara sita, saba, nane, tisa na kumi. Sauti ya mara saba ndiyo yenye ugomvi na kinanda. Ukiitafuta kwenye kinanda, noti iliyo jirani nayo iko juu kwa karibu theluthi moja ya hatua ndogo, ile ya kutoka kibao kimoja kwenda kinachofuata. Haimo. Mkono wa mpigaji hauwezi kuipata kwa sababu aliyekitengeneza kinanda hakuiweka.

Ndiyo maana sikio lililokulia kwenye kinanda husikia kosa. Na ilimba ina siri nyingine: kati ya vyuma vyake vingi vipo ambavyo kidole hakivigusi kabisa. Vinatetemeka vyenyewe pale jirani zao wenye sauti inayolingana wanapopigwa, kama watu wanaoitikia kibwagizo bila kuambiwa. Ongeza utando wa buibui unaozibia tundu la kisanduku, nao hutoa ule mvumo kama wa nyuki ambao fundi wetu aliudhania ni hitilafu ya spika.

Kwa kundi lake, Hukwe hakuondoka mikono mitupu. Mwanawe Msafiri Zawose alitoa albamu ya Uhamiaji mwaka 2017. Na mwaka 2024 ikatoka Maisha, ya binti yake Pendo na mjukuu wake Leah, wanaojiita The Zawose Queens. Kwa jadi ya kwao zeze na ilimba vilikuwa vya wanaume, akina mama wakiimba, wakicheza na kupiga muheme. Hawa wameshika vyote. Mimi naona hilo ni kubwa kuliko ziara ya Marekani.

Lakini Bagamoyo ni mbali na Manyoni, na yule mzee wa simu hakupiga kuzungumzia Bagamoyo. Yeye hutengeneza ilimba. Kwaya ya kijijini kwao imenunua kinanda cha umeme, na mjukuu wake, anayeimba humo, alimwomba arekebishe ilimba yake ilingane nacho ili wapige pamoja. Mzee hakutaka kumvunja moyo kijana anayependa ala ya babu. Akavisogeza vile vyuma vya kupigwa, kimoja kimoja, hadi vikakubaliana na kinanda.

"Kwaya ilifurahi," aliniambia. "Lakini vile vingine, visivyoguswa, vikanyamaza. Hakuna wa kuvijibu."

Sasa anataka kuirudisha ilivyokuwa, na anasema sikio lake la uzeeni halimtoshi. Aliozoea kulinganisha nao wamekwisha kufa. Anachohitaji kwetu ni santuri. Basi Jumamosi hii, saa mbili kamili usiku, badala ya salamu tutapiga Chibite, santuri ya Hukwe ya mwaka 1996, na hakuna fundi atakayegusa swichi. Mzee amesema betri za redio amekwisha kununua, na mjukuu ameahidi kumshikia tochi.