Unyevu wa Ukutani Hautibiwi kwa Rangi

Kijana wa Kiomboi anayepewa gereji ya zamani nyumbani kwao ili aifanye maskani yake, mahali pa kusomea na kupumzika na wenzake, aghalabu huanza na rangi. Madoa meusi hufunikwa, kapeti hutandikwa, na chumba hupendeza kiangazi chote. Mvua zinaporudi, rangi huvimba na kubanduka, harufu ya uvundo hurejea, na mwenye pumu huanza kukohoa usiku. Kilichofunikwa kilikuwa dalili. Ugonjwa ulibaki ndani ya ukuta.

Madoa hayo ni kuvu. Huota penye unyevu na kurusha hewani vijimbegu visivyoonekana kwa macho, ambavyo kwa mwenye mzio huleta chafya, mafua, kikohozi na kubanwa kifua. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 kuhusu unyevu na kuvu majumbani ulieleza kuwa wakazi wa majengo yenye unyevu wamo katika hatari zaidi ya maradhi ya njia ya hewa na ya kuzidiwa na pumu. Haukutaja kiasi cha kuvu kinachoweza kuitwa salama. Ulisisitiza kuzuia unyevu wenyewe.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kutafuta maji yanakotoka. Doa linaloanzia juu hutokana na bati lililotoboka. Doa linalopanda kutoka sakafuni, mara nyingi likiacha unga mweupe wa chumvi, huonyesha kuwa ukuta unavuta maji ya ardhini kama utambi wa kibatari unavyovuta mafuta. Maji mengine ni mvuke wa pumzi na wa nguo zilizoanikwa ndani. Kipande cha nailoni kikibandikwa ukutani, kingo zake zikazibwa kwa gundi ya karatasi kwa siku moja au mbili, hutoa jibu: matone yaliyo nyuma yake yametoka ukutani, yaliyo upande wa chumba yametoka hewani.

Kiomboi, katika nyanda za juu za Iramba, hupata msimu mmoja wa mvua, takriban kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au mwanzoni mwa Mei. Matengenezo yafanywe kiangazi. Matundu ya bati yazibwe, udongo uliorundikana nje ya ukuta uondolewe, na mfereji uchimbwe ili maji yaende mbali na msingi. Lipu iliyooza ibanduliwe, kisha ukuta uachwe ukauke kwa wiki nyingi. Chokaa huruhusu mvuke kutoka. Rangi ya mafuta huufungia ndani. Gereji nyingi zina mlango mmoja tu, hivyo yafaa kutoboa madirisha kwenye kuta mbili zinazotazamana na kuyawekea wavu wa mbu.

Kuvu husuguliwa kwa maji na sabuni baada ya kuloweshwa, msafishaji akivaa barakoa, miwani na glovu. Dawa ya klorini isichanganywe kamwe na tindikali ya kusafishia choo, kwani mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu. Mwenye pumu, mwenye kinga dhaifu na aliyewahi kuugua kifua kikuu wasifanye kazi hii. Baadhi ya kuvu huweza kuota ndani ya mashimo ambayo kifua kikuu huacha kwenye mapafu.

Petroli, betri kuukuu zenye risasi na jenereta vihamishwe. Usiku wa baridi, jiko la mkaa lisiingizwe ndani: monoksidi kaboni haina rangi wala harufu, na huua aliyelala.

Mhudumu wa afya anayempokea mgonjwa wa pumu ambaye haponi licha ya kutumia dawa vizuri amuulize mambo matatu: analala na kushinda wapi, je, chumba kina madoa au uvundo, na je, hupata nafuu anapokaa kwingine? Hata hivyo, kikohozi cha wiki mbili au zaidi kisidhaniwe kuwa ni cha kuvu. Mgonjwa apimwe kifua kikuu. Dawa ya kuvuta humfungulia mgonjwa njia ya hewa, lakini akirudi jioni kwenye chumba kilekile chenye maji ukutani, kesho atabanwa tena.