Kobe aliyevuka bahari hadi Kimbiji

Desemba 2004, kobe mkubwa alijikokota kutoka majini akaibukia ufukwe wa Kimbiji, kusini mwa jiji la Dar es Salaam. Alikuwa amekonda, na miguuni amegandwa na vidudu vya gamba, vile ambavyo wavuvi hukwangua chini ya mashua zao. Vidudu hivyo ndivyo vilivyotoboa siri, kwa sababu havioti kwa siku moja wala mbili. Mnyama huyu wa nchi kavu alikuwa ameelea baharini wiki kadhaa. Wataalamu walioandika habari zake walihitimisha kwamba alitokea Aldabra, visiwa vya Shelisheli vilivyo zaidi ya kilomita 700 kutoka hapo.

Usimchanganye na kasa. Kasa ana mapezi, na bahari ndiyo kwao. Kobe ana miguu minene ya kutembelea, na kuogelea si kazi yake. Anachoweza ni kuelea. Mapafu yake makubwa yamekaa juu, chini tu ya gamba, nayo humshikilia kama boya, huku shingo ndefu ikiinua pua juu ya mawimbi. Isitoshe, mwili wake hutumia nguvu kidogo mno, hata anaweza kukaa miezi bila kula wala kunywa. Wanasayansi wanaamini kwamba mababu zake walifika Aldabra kwa njia hiyohiyo, wakichukuliwa na maji kutoka Madagaska.

Uvumilivu huo ndio uliowaponza. Mabaharia wa zamani waliwapakia melini wakiwa hai, wakawa nyama isiyooza wala kuhitaji kulishwa. Kobe wakubwa wa asili wa Morisi, Reunion na Rodrigues walikwisha kabisa. Mwaka 1874 Charles Darwin na wenzake walimwandikia gavana wa Morisi wakimsihi awanusuru waliobaki Aldabra. Leo huko wapo kobe wapatao 100,000.

Maisha ya Aldabra si ya starehe. Ardhi yenyewe ni mwamba wa matumbawe, na maji matamu ni ya mvua tu, yanayotuama kwenye vishimo vya mawe. Kobe huingiza pua kishimoni na kuyavuta kwa matundu ya pua. Asubuhi hula majani. Jua likipanda, hukimbilia kivulini, kama kweli kobe hukimbia, na wanaochelewa huweza kufa kwa joto ndani ya magamba yao. Wamekula nyasi za huko kwa muda mrefu hata baadhi zimekuwa fupi sana na kuficha mbegu karibu na udongo, mahali ambapo mdomo wa kobe haufiki kwa urahisi. Mdomo huo hauna jino hata moja. Una kingo ngumu zinazokata.

Hata hivyo, usimwone mpole ukadhani hali nyama. Mwaka 2020, kwenye kisiwa cha Frégate, Shelisheli, kobe jike alirekodiwa kwa video akimfuata kinda wa ndege wa baharini polepole juu ya gogo, akamng'ata kichwa na kummeza.

Dume anaweza kufikisha kilo 250. Kuhusu umri, mashuhuri zaidi ni Jonathan wa kisiwa cha St Helena. Alipopelekwa huko mwaka 1882 alikuwa tayari amekomaa, ndiyo maana anakadiriwa kuzaliwa karibu na mwaka 1832.

Kwetu, wa kuonwa kwa karibu wako Changuu, ng'ambo ya Mji Mkongwe, Zanzibar. Wa kwanza walikuja kama zawadi kutoka Shelisheli mwaka 1919. Utawakuta wameandikwa namba mgongoni, na wageni wakiwalisha mchicha.

Ukifika, usimpande kobe mgongoni, hata kama rafiki zako wanataka picha. Gamba lake si nyumba aliyoivaa. Ni mifupa yake, mbavu na uti wa mgongo vilivyoungana, na chini ya ngozi yake ngumu kuna mishipa ya fahamu. Ukimgusa anahisi. Mlishe kile tu utakachopewa na walinzi wa pale, na plastiki yako rudi nayo mjini.